‘Mama hayupo’: Jioni binti alipoupeleka mlango wa nyumbani jukwaani

Binti alimwomba mama yake mara tatu ndani ya wiki moja. “Mama, Jumamosi njoo ukumbini. Kuna maigizo mapya.” Hakueleza zaidi, na mama hakuuliza zaidi, kwa sababu Jumamosi jioni ndiyo siku ya biashara. Mama huyu anauza kachori na mihogo ya kukaanga Ngamiani, jijini Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kufunga meza saa kumi na moja siku ya Jumamosi ni kuwaachia jirani wateja wako.

Hata hivyo alifunga. Alioga, akavaa dera la kijani, akampitia shoga yake wa mtaa wa pili. Huyu shoga si jirani tu. Ni mwenzake katika kikundi cha mkopo cha wanawake watano, wale wanaodhaminiana, kwamba mmoja akikosa rejesho la wiki wanne waliobaki wanachanga. Mara mbili mwaka huu shoga yake amemlipia peke yake, shilingi 25,000 kila mara. Pesa hiyo haijarudi. Hawaizungumzii.

Kiingilio kilikuwa shilingi 3,000, wanafunzi 1,000. Viti vya plastiki vilipangwa safu kumi, na wao wawili wakachagua safu ya tatu karibu na feni. Mlangoni kila mtu alipewa karatasi moja yenye orodha ya maigizo matano mafupi, kila moja la dakika kama kumi na tano, yote mapya, yote ya waandishi wa mkoa wa Tanga. Lushoto, Pangani, Muheza, Korogwe, na la mwisho Tanga mjini.

“Huyu si mtoto wako?” shoga yake aliuliza, kidole kikiwa kwenye mstari wa tano.

Mama alisoma jina mara mbili. Binti yake, kidato cha tatu, miaka kumi na sita. Kichwa cha igizo kiliandikwa pembeni: *Mama Hayupo*. Mama alitabasamu kwa fahari, akadhani ni hadithi ya yatima.

Wazazi wengi wa mitaani wanaijua tamthilia kama kitu cha mtihani. Wameviona vitabu vya *Kilio Chetu*, *Orodha* na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* kwenye mabegi ya watoto, vimefunikwa magazeti, kurasa zimechorwa mistari kwa kalamu. Mtoto anakariri dhamira, wahusika na mafunzo, anajibu swali, anasahau. Kuna waliomaliza kidato cha nne hawajawahi kumwona Ngoswe hata mara moja amesimama mbele yao akipoteza karatasi zake za kuhesabu watu. Mama huyu aliishia darasa la saba. Maigizo aliyoyajua ni vichekesho vya kwenye televisheni.

Igizo la Lushoto lilihusu ndugu wawili na mpaka wa shamba la kabichi. Lilikuwa na maneno mengi, na ukweli usemwe, lingekatwa dakika tano hakuna ambaye angelalamika. La Pangani lilikuwa la mke wa mvuvi anayesubiri ngalawa, lakini spika ilikoroma mwanzo mpaka mwisho. Watu wa nyuma waliambulia nusu.

La Muheza liliuamsha ukumbi. Dalali wa machungwa anafika shambani wakati mti una maua tu, anahesabu maua, anatoa pesa taslimu, anaondoka na karatasi yenye dole gumba. Mwenye shamba ana karo ya mtoto wa kulipa kesho, hawezi kungoja chungwa liive. Msimu ukifika anakaa kivulini mwa mti wake mwenyewe akiwatazama watu wakijaza gari, na mkewe anamtuma akanunue chungwa moja sokoni la kumtengenezea mgonjwa juisi. Watu walicheka hadi wakapiga viti. Anayetoka Muheza anajua kwamba hapo hakuna kilichotungwa.

Kisha likaja la Korogwe, na kicheko kikaisha. Jukwaani kulikuwa na kitanda cha kamba, mzee na mjukuu wake. Mjukuu anajaza fomu ya shule, amefika kwenye swali la asili ya familia. “Babu, sisi kwetu wapi?” Mzee hajibu. Anatoa kwenye sanduku kadi iliyochakaa, kipande, kadi ya kazi ya mkonge iliyowekewa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie siku thelathini ndipo mtu alipwe.

Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yalipopanuka wenyeji hawakutosha, wala wengi wao hawakuitaka kazi ile. Vibarua wakatafutwa mbali, Njombe, Songea, Kigoma, hata Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuwasajili na kuwasafirisha watu hao, ikijulikana kwa kifupi kama SILABU. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Wengine mkataba ulipokwisha walirudi kwao. Wengine walibaki, wakaoa, wakazikwa hapahapa.

Mzee wa jukwaani alimsomea mjukuu wake alama za kadi moja baada ya nyingine, hii siku niliumwa haikuhesabiwa, hii mvua ilinyesha haikuhesabiwa, hii niliimaliza nusu haikuhesabiwa. Mzee mwingine, wa kweli, safu ya mbele, alivua kofia yake na kuishika magotini.

Mama wa Ngamiani aliwaza kadi yake mwenyewe, iliyo nyumbani chini ya godoro. Ina visanduku kumi na sita, kimoja kwa kila Jumanne. Alikopa shilingi 300,000 anunue jiko kubwa la gesi na mtungi wake, na atakapomaliza kisanduku cha kumi na sita atakuwa amerejesha 400,000. Mitaani mikopo hii huitwa kausha damu. Tisa vimejazwa, viwili kati ya hivyo kwa mkono wa shoga yake.

Taa zikazimwa. Zilipowaka, jukwaani kulikuwa na mlango.

Hapakuwa na ukuta wala kitanda. Fremu ya mbao tu, na khanga imetundikwa badala ya ubao. Upande mmoja mama na mtoto wa kike wa miaka kama kumi. Upande wa pili, nje, kandambili za bluu zimepangwa kizingitini.

“Hodi.”

Mama wa jukwaani anaweka kidole mdomoni, anajificha nyuma ya kiti. Mtoto anasogeza khanga kidogo. Nje amesimama bwana wa marejesho na daftari lake.

“Mama hayupo.”

“Amekwenda wapi?”

“Msibani. Korogwe. Shangazi amefariki.”

Ukumbi ulicheka. Jumanne ya pili, hodi, mama hayupo, babu amefariki Handeni. Jumanne ya tatu ni mjomba, Mkinga. Bwana wa marejesho anafunga daftari na kumwangalia mtoto kwa huruma. “Poleni sana. Nyinyi mmebaki wangapi sasa?” Hapo watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Kila mtu aliyecheka amewahi kuwa upande mmoja au mwingine wa khanga ile.

Safu ya tatu mama alicheka na wenzake, kisha akaacha. Kandambili zilikuwa za bluu. Shangazi wa Korogwe alikuwepo, na ni kweli alishawahi kufa mara moja, mwezi wa tatu, kwa ajili ya shilingi 25,000. Alijaribu kukumbuka ilianza lini. Haikuanza na mkopo huu. Ilianza na mwenye nyumba, kodi ya miezi miwili, binti akiwa darasa la tano. Mara ya kwanza mtoto aliona aibu, akasema huku akitazama chini. Baadaye akazoea. Mama alikumbuka hata kumsifu mbele ya watu kwamba mtoto wake ana akili ya haraka.

Jukwaani ikawa usiku. Taa ilipungua.

“Hodi. Hodi jamani.” Sauti ya mwanamke.

Mama wa jukwaani anaitambua. Ni jirani, mwenzake wa kikundi, aliyemlipia. Anasita. Anaangalia mlango, anaangalia pochi yake tupu. Kisha anaweka kidole mdomoni, safari hii mdomoni mwa mtoto.

Mtoto anasogeza khanga. “Mama hayupo.”

Jirani hajibu. Macho yake yanashuka polepole mpaka kizingitini, kwenye kandambili. Anazitazama. Mtoto naye anazitazama. Wanatazamana. Jirani anavuta upande wa mtandio wake, anageuka, anaondoka, na igizo linaisha hapo bila neno lingine.

Watu walikaa kimya kidogo kabla ya makofi. Mama hakupiga. Alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe, na hakuthubutu kugeuza shingo kulia, alikoketi shoga yake. Alhamisi ile ilikuwa miezi miwili iliyopita. Alijificha nyuma ya pazia la chumbani. Alisikia hodi mbili, akasikia mtoto anajibu, akasikia miguu inaondoka, akashusha pumzi. Jambo la kandambili hakuwahi kulijua. Walioliona walikuwa wawili tu.

Baada ya maigizo palikuwa na mazungumzo na waandishi. Mzee aliyevua kofia alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema sanaa ni nzuri, igizo la Korogwe limemkumbusha marehemu baba yake, lakini hili la mwisho limemkera. “Mtoto hamvui mama yake nguo mbele za watu. Nyumba ina siri zake.” Baadhi walipiga makofi. Mwanamke mmoja wa nyuma alijibu akiwa amekaa, “Mficha uchi hazai, mzee wangu,” na wengine wakapiga makofi zaidi.

Mwalimu wa Kiswahili aliyesimamia vijana hao aliingilia kwa upole. Alikumbusha kwamba mambo haya si mageni nchini. Mwaka 1996 maprofesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyaweka matatizo yao kwenye igizo, wakayachezea mbele ya walimu na wazazi. Mengi waliyoyaeleza yalikuwa yale ambayo mtoto hawezi kumwambia mkubwa uso kwa uso.

Binti akapewa kipaza sauti. Sauti ilitetemeka. “Shikamoo babu. Mimi sikumwandika mama. Nilimwandika yule mtoto. Aliyekuwa anasema uongo ni yeye.”

Mzee aliitikia marahaba na kukaa. Hakuonekana kuridhika, na pengine ana haki yake. Si kila mzazi ambaye angependa kulisikia jambo hilo kwanza akiwa katikati ya watu mia. Angeweza kuambiwa jikoni. Lakini jikoni mtoto alishawekewa kidole mdomoni.

Afisa maendeleo ya jamii aliyekuwepo alitumia nafasi hiyo kuwaeleza kina mama kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Alikumbusha pia kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na mkopaji ana haki ya kuuliza ilipo. Yalikuwa maneno ya maana, ila mama wa Ngamiani hakuyasikia. Alikuwa ameshatoka barazani.

Shoga yake alimfuata. Walisimama kando ya muuza maji.

“Ile Alhamisi,” mama alianza.

“Niliziona kandambili.”

“Nilidhani umefuata pesa yako.”

“Mjukuu wangu alishikwa na degedege. Baba yake alikuwa safari. Nilitaka mtu wa kumshika kwenye bajaji, mimi mikono ilikuwa inatetemeka.”

Mama alijishika kifua. Mtoto huyo alimwona juzi anacheza mpira wa makaratasi, mzima wa afya, lakini hilo halikumpunguzia kitu. “Sasa mbona hukuniambia? Miezi miwili tunasalimiana kila siku.”

“Ningemwambia nani?” shoga yake alisema. “Ulikuwa hupo.”

Alirudi ndani kuchukua mkoba, akapita bila kusimama, akaita bodaboda. Hakusema waondoke wote.

Mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu. Barabara mbili, tatu, hakuna aliyezungumza. Mama alikuwa na maneno makali yamejaa mdomoni, tangu fedheha ya kukaa safu ya tatu mpaka kule kuletwa pale kwa kubembelezwa mara tatu. Alipofungua mdomo yakatoka mengine.

“Shangazi yako wa Korogwe yuko hai. Ukimuua tena nitampigia simu nimwambie.”

Binti alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akasimama chini ya taa ya duka lililofungwa. “Ule usiku nilitaka kumwambia upo.”

“Ungesema.”

“Uliniwekea kidole mdomoni, mama. Kilikuwa na harufu ya vitunguu.”

Mama hakujibu. Alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu binti yuko shule ya msingi, wakatembea hivyo mpaka mlangoni.

Jumapili shoga hakupita. Jumatatu alipita upande wa pili wa barabara. Jumanne kwenye kikao cha kikundi alikaa mwisho wa mkeka, akatoa rejesho lake, akaondoka. Mama alikuwa na shilingi 14,000 tu. Waliobaki walinung’unika, hakuna aliyemlipia, na bwana wa marejesho akasema atapita nyumbani jioni.

Alipita saa moja. Binti alikuwa mezani na daftari la hisabati.

“Hodi.”

Binti aliinua macho. Mama alifuta mikono kwenye khanga, akaenda mwenyewe, akafungua mlango mpaka mwisho.

“Karibu.”

Bwana wa marejesho alibaki amesimama nje kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. “Leo upo?”

“Nipo. Nina 14,000. Iliyobaki sina.”

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Yule bwana alikaa kwenye kigoda nusu saa. Alisema mambo ya kuudhi, binti akiyasikia yote, na aliutazama mtungi wa gesi kwa namna ambayo mama aliielewa vizuri. Mwisho aliandika 14,000 kwenye daftari, akampa mpaka Ijumaa kuleta 11,000, na akasema Ijumaa isipopatikana mtungi unaondoka. Mama alisema amesikia. Alimsindikiza mpaka nje.

Jumatano asubuhi alikaanga kachori kabla ya za biashara, akachagua kumi zilizoiva vizuri, akazipanga kwenye sahani ya maua na kuzifunika kwa kawa. Chini ya sahani aliweka noti ya shilingi 5,000 iliyokunjwa mara nne. Hiyo alitakiwa kuitunza kwa ajili ya Ijumaa.

“Mpelekee mama yako mdogo. Ukifika piga hodi, usiweke mlangoni ukakimbia.”

Binti alikaa huko muda mrefu kuliko njia ilivyo. Aliporudi, noti ilikuwa imebaki kulekule. Kachori hazikuwepo. Sahani ilikuwa imeoshwa, na juu yake machungwa manne ya Muheza.

“Umemkuta?” mama aliuliza.

“Nimemkuta. Alifungua mwenyewe, akapokea sahani, akala moja palepale mlangoni.”

“Akasemaje?”

Binti aliuma mdomo asicheke. “Amesema nikwambie yeye hayupo.”